Ugomvi wa Mama Ingrid na Mwandishi

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Ingrid kilikuwa mguu wake wa kulia. Uso sikuuona, kwa sababu alikuwa ameinamia cherehani, na kitambaa cha kichwani kilikuwa kimemshuka hadi kwenye nyusi. Lakini mguu ulikuwa mbele yangu, juu ya kanyagio la chuma, ndani ya kiatu cha plastiki kilichopasuka kisiginoni. Ulikuwa ukikanyaga polepole, kama mguu wa mtu apandaye mlima na mzigo. Kisha ukasimama. Suruali yangu, ambayo nilitaka ipunguzwe urefu kabla sijaenda kuomba kazi, ilibaki nusu ndani ya mashine na nusu nje.

Nilidhani uzi umekatika, nikangoja. Fundi wa pili, msichana mwembamba aliyeketi karibu na mlango ili apate mwanga, hakuwa akishona. Alikuwa akisoma kitabu kwa sauti. Alisoma habari za mwanamke aliyesimama stesheni na sufuria ya wali kichwani, garimoshi likiingia, abiria wakishuka mmoja mmoja, naye akitazama kila uso. Ukurasa ulipokwisha, mguu ukaanza kukanyaga tena.

"Mama, suruali yangu..." nilisema.

"Suruali haina haraka, mwanangu," alijibu bila kuinua kichwa. "Mwenye haraka ni yule aliyeko stesheni."

"Usimjali," alisema msichana akicheka. "Mashine ya hapa inakwenda kwa mwendo wa hadithi. Ukileta nguo siku ambayo mtu anakufa kitabuni, utaivaa mwakani."

Kutoka upande wa pili wa ukuta wa mbao nyundo iligonga mara mbili, na sauti nzito ya kiume ikasema: "Scovia! Rudia pale gari iliingia. Mimi nilikuwa napiga msumari, sikusikia."

Scovia akaguna, akarudi ukurasa mmoja nyuma, akasoma tena. Mguu wa Mama Ingrid ukasimama pale pale uliposimama mwanzo.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1992, hapa Nyakabanda, mtaa wa Kigali. Suruali niliipata kesho yake, na kazi sikuipata. Lakini kile kibanda nilikirudia mara nyingi, kwanza kwa sababu nilitaka kujua kama mtu aliyengojwa stesheni alishuka, na baadaye kwa sababu ya Mama Ingrid mwenyewe.

Jina lake ni Alida Nduwayo. Watu wa mtaa humwita kwa jina la binti yake wa pekee, Ingrid, aliyeolewa Kanombe na mpakiaji mizigo wa uwanja wa ndege. Alizaliwa Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi, ambako mtoto hujua Kiswahili kabla hajajua njia ya kwenda shule. Masista walimsomesha miaka michache wakamwachia vitu viwili: kushona na mwandiko mzuri. Mwaka 1972, mwaka wa mauaji kule Burundi, mumewe alitoka asubuhi kwenda kazini bandarini, akamwomba aweke maharagwe motoni mapema kwa sababu atarudi na njaa. Hakurudi. Hakuna aliyemwambia Mama Ingrid kama yuko hai au amekufa. Mwishowe alimfunga mtoto mgongoni akavuka mpaka na wengine, na tangu hapo amekaa Kigali. Haya alinieleza kwa maneno machache kama nilivyoyaandika, huku akitafuta bobini ya uzi iliyokuwa imebingirika chini ya meza. Alipoipata aliacha kusema.

Sasa anakaribia miaka hamsini, na amechoka. Hafichi. Ukimuuliza "Habari za leo?" hasemi "Nzuri" kama watu wengine, husema, "Tupo, tunakokota." Macho yake huuma jioni. Mgongo huuma asubuhi. Tangu vita vianze kaskazini na barabara ya Gatuna iendayo Uganda kufungwa, uzi mzuri umeadimika, na ule uliopo hukatika kila baada ya mishono michache, naye hulazimika kuvaa miwani, kutunga sindano, kuvua miwani. Wateja hawaleti vitambaa vipya. Huleta nguo kuukuu zigeuzwe ndani nje. Tangu mabomu yaanze kulipuka penye watu wengi, kila mtu hutaka kuwa nyumbani jua lingali juu, na kibanda hufungwa kazi ikiwa nusu. Siku moja mteja alimuuliza kama ameshafungasha, endapo vita vitafika mjini.

"Nilikimbia mara moja," alisema. "Miguu ya mara ya pili sina."

Sheria ya kibanda chake ni hii: anayesoma hashoni, na wanaoshona humshonea sehemu yake. Alijifunza desturi hiyo kwa masista, isipokuwa kwa masista vilisomwa vitabu vya watakatifu. Yeye na Scovia, aliyejifunza Kiswahili kwa shangazi yake Karagwe, hupokezana. Viateur, fundi viatu wa kibanda cha pili, hajawahi kuingia ndani wakati wa kusoma. Husikiliza kupitia mbao, na nyundo yake ndiyo huomba kurudiwa. Wateja wakikuta hadithi imeshika moto huketi. Kwa njia hiyo, kitabu kimoja kilisomwa na mtaa mzima bila mtaa kununua hata kimoja.

Kitabu chenyewe kiliitwa *Nyamizi wa Isaka, Sehemu ya Kwanza*. Kililetwa na Sebabili, dereva wa lori kutoka Ngara, ambaye hushusha mizigo kwenye maghala ya Gikondo na alikuja siku moja kuziba turubai lililochanika. Alikikalia garini, Scovia anasema, kwa sababu kiti chake kilikuwa kimeshuka. Akamwachia Mama Ingrid kama nyongeza ya shukrani. Mwandishi wake alikuwa Mwalimu Kyaruzi, anayefundisha shule ya msingi kando ya barabara, upande wa Tanzania, mahali ambapo Sebabili husimama kupoza injini. Habari ni za mwanamke auzaye wali na samaki stesheni ya Isaka. Mumewe alikwenda kutafuta kazi migodini, akaacha kuandika. Kila garimoshi likiingia, Nyamizi huuza chakula na kutazama nyuso. Katika ukurasa wa mwisho, mtu mwenye begi jekundu anashuka behewa la nyuma kabisa. Nyamizi anashusha sufuria. Kitabu kinaishia hapo.

Wamekisoma tangu mwanzo hadi mwisho zaidi ya mara moja, na kila wanapofika kwenye begi jekundu mabishano huanza upya.

"Ni yeye," husema Mama Ingrid.

"Si yeye," hujibu Viateur kutoka ukutani. "Mwanaume alikwenda miaka yote ile, barua hakuna, halafu anarudi na begi nyekundu? Iko na bibi mwingine huko. Mimi najua wanaume, natengeneza viatu yao."

"Wewe Viateur piga misumari, watu watembee. Mambo ya ndoa hukuitwa."

Mimi nilicheka kama wengine, mpaka nilipoona kuwa Mama Ingrid hacheki.

Kwa muda mrefu walimtumia mwandishi maoni yao kupitia Sebabili. Hiyo ndiyo desturi yetu: mtu akienda mahali, humwachi aondoke bila kumpa salamu za kupeleka. Kila aliyesikia kitabu alimwambia dereva neno. Mama mmoja alisema Mwalimu aambiwe kwamba amemliza. Viateur alisema aambiwe kwamba yule mume ni mjinga. Scovia alisema mambo marefu yaliyomfanya Sebabili awashe injini akiwa bado anazungumza. Na Sebabili, mtu mwenye adabu na mwenye kilomita nyingi mbele yake, alifika kwa Mwalimu, akashuka, akasema: "Kigali wanakusalimu sana." Mwalimu akajibu: "Wasalimie nao." Yote yakaishia hapo. Machozi ya mama, hasira ya Viateur, mabishano ya begi jekundu, vyote vilibaki njiani vikageuka salamu.

Mwezi wa nane Sebabili alileta habari nyingine. Alikuwa ameketi juu ya kigoda cha wateja, chupa ya soda mkononi, akasema kama mtu anayetaja bei ya mafuta:

"Mwalimu wenu ameacha. Sehemu ya Pili ameiandika yote, lakini ameifungia sandukuni. Wachapishaji wake wa Mwanza wameikataa. Wanasema ile ya kwanza imelala ghalani, na hawajapata hata barua moja. Wamemwambia: hakuna anayekisoma."

Scovia akaweka mkasi chini. "Hakuna?"

"Ndivyo walivyosema, dada. Hakuna."

"Sisi ndio hakuna?" alifoka Viateur, na kwa mara ya kwanza alizunguka ukuta akasimama mlangoni, kiatu cha mtu kikiwa bado kimevikwa mkononi. "Mtaa nzima iko hapa, inalia juu ya kitabu, halafu sisi ni hakuna?"

Mama Ingrid hakufoka. Aliuliza jambo moja tu: "Sehemu ya Pili, ameiandika yote? Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, mama. Iko sandukuni, chini ya kitanda."

"Kwa hiyo anajua aliyeshuka ni nani."

"Anajua."

Akamaliza mshono, akakata uzi. Kisha akasema, "Basi tumwandikie."

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilikuwa kosa la watu wema. Kwa kuwa Mama Ingrid ndiye mwenye mwandiko mzuri, ilionekana ni heshima kwa Mwalimu kwamba aandike yeye kwa niaba ya wote. Nani angempelekea mgeni mwandiko wa ovyo? Siku kadhaa, baada ya kushona, aliketi akaandika maoni ya kila mmoja kwenye karatasi yake. Watu walipanga foleni. Na kila mmoja, alipofika mbele ya kalamu, alisahau alichokuwa akikisema kila siku. Huwezi kumwendea mtu ambaye hujawahi kumkaribisha kwako ukaanza kwa kumkosoa. Yule mama aliyelia alisema, "Andika kitabu ni kizuri sana, Mungu ambariki." Scovia, mwenye ulimi wake wote, alisema, "Kitabu ni kizuri sana, namtakia afya." Hata Viateur alikuna kichwa akasema, "Weka tu ni kizuri. Mume weka naye anasalimiwa."

Bahasha ilikuwa nene. Sebabili aliiweka chini ya kiti, mahali kilipokuwa kitabu.

Nilikuwepo aliporudi, mvua za vuli zikiwa zimeanza. Hakutaka soda. Alisimama mlangoni akipangusa matope ya viatu kwa muda mrefu kuliko yalivyohitaji.

"Mwalimu alizipeleka zile karatasi Mwanza mwenyewe, kwa basi," alisema. "Yule bwana mchapishaji alizipanga mezani kama karata. Akatazama hii, akatazama ile. Akamwambia: Mwalimu, shangazi yako ana mwandiko mzuri, lakini mwambie apumzike."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Scovia ndiye aliyeelewa kwanza, akafunika mdomo.

"Mwandiko mmoja," alisema Sebabili, "na maneno yale yale. Wanadhani Mwalimu alimwomba ndugu yake aandike. Alirudi na aibu. Hakukasirika nanyi, amewashukuru. Ila amesema nimwambie neno moja yule mama aliyeandika, nami nimelikariri njia nzima lisinipotee. Amesema: Mtu aliyekisoma kitabu changu kweli, lazima awe na ugomvi nami mahali fulani. Wachapishaji wamempa nafasi ya mwisho. Kabla ya Noeli wanakaa kuchagua vitabu vya mwaka ujao. Akija na wasomaji wa kweli, watasoma Sehemu ya Pili. Akija mikono mitupu, basi."

Mama Ingrid alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Mimi nimechoka," alisema. "Nimeshona mchana, nimeandika jioni, macho yamevimba, halafu naambiwa mwandiko wangu ni wa mwongo. Mwacheni Mwalimu na sanduku lake."

"Mama Ingrid..." alianza Scovia.

"Nimesema nimechoka! Neno hilo huko Karagwe hawakukufundisha?"

Akarudi kwenye mashine. Siku ile hakukusomwa kitu. Niliwasikiliza wakishona, na nilifikiri kwamba mwandishi aliye mbali anafanana na mtu anayezungumza gizani. Huyo hahitaji kusifiwa. Anahitaji mtu amjibu, hata kwa kumkatiza, ili ajue chumba hakiko tupu. Niliona vyema kulisema wazo hili. Nililisema. Mama Ingrid alinitazama kwa mara ya kwanza bila kuinama.

"Wewe umesoma," alisema bila ukali. "Basi kamwandikie wewe. Lakini usimsifu."

Aliyeuondoa uzito huo alikuwa Viateur. Baada ya siku chache aligonga ukuta, na nyundo yake haikuomba kurudiwa. Alipitisha karatasi kwenye ufa kati ya mbao mbili. Mwandiko wake ulikuwa kama nyayo za mbuzi kwenye udongo mbichi, na hapakuwa na salamu hata moja. Scovia aliisoma kwa sauti:

"Mwalimu. Mimi Viateur wa viatu. Yule mume mimi sitaki arudi. Umemfanya mzuri sana kwenye sura ya kwanza, anaimba, anabeba maji, halafu anatoroka bila sababu. Mtu hatoroki bila sababu. Umeficha sababu. Ukimrudisha bila kusema sababu, mimi nitatupa kitabu kwa choo."

Kibanda kizima kilicheka, hata mteja aliyekuwa akipimwa kiuno.

"Choo!" alisema Scovia. "Kwa mwalimu mzima!"

"Si alisema anataka ugomvi?" ilijibu sauti ya ukutani. "Nimempa."

Kuanzia hapo watu walianza kuleta karatasi zao. Walioweza kuandika waliandika wenyewe, kwa miandiko iliyopinda, kwa kalamu ya risasi, mmoja nyuma ya kalenda. Wasioweza walitafuta kila mmoja mwandishi wake: huyu mwanawe, yule jirani, mwingine mimi, maana Mama Ingrid aliapa kwamba kalamu haigusi. Scovia aliandika kwamba Nyamizi hacheki hata mara moja katika kitabu kizima, na kwamba mwanamke auzaye wali stesheni asipocheka atakula wali wake mwenyewe. Yule mama aliyelia aliandika kwamba alilia, ndiyo, lakini alikasirika pia, kwa sababu mtoto wa Nyamizi anatajwa mwanzoni kisha anasahauliwa kana kwamba mtoto ni mwavuli wa kusahaulika mahali. Walizibishania karatasi hizo kuliko walivyokibishania kitabu.

Karatasi moja tu haikuwepo. Hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Siku moja mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja mvua ilinyesha ikapiga mabati hata kusoma hakukuwezekana. Scovia alikuwa amekwenda Gikondo kuulizia Sebabili ataondoka lini. Mimi nilikuwa nimejibanza ndani ningoje mvua ikatike. Mama Ingrid alisimamisha mashine, akasogeza kitambaa pembeni, akavuta karatasi kutoka chini ya sanduku la vifungo. Aliandika akiwa ameegemea meza ya cherehani, kwa ule mwandiko wake wa masista, taratibu, bila kufuta. Alipomaliza alinisukumia.

"Soma uniambie kama nimemtukana."

Nimemwomba ruhusa ya kuyanakili maneno yake hapa, akasema nifanye nipendavyo, yeye hana nguvu ya kuona haya.

"Mwalimu, mimi ni Alida, fundi cherehani, yule uliyeambiwa ni shangazi yako. Salamu nimeziacha mwisho ili zisimeze maneno mengine. Ugomvi wangu ni huu. Mama yake Nyamizi anaugua katika ukurasa mmoja na anazikwa katika ukurasa unaofuata, na kesho yake Nyamizi yuko stesheni. Hapo ulichoka. Najua pindo lililoshonwa na mtu aliyechoka: mishono inakuwa mirefu, fundi anataka tu afike mwisho akalale. Nami siku hizi nashona hivyo mara nyingi, kwa hiyo sikuhukumu. Lakini kwa kuwa ulichoka pale, mimi sikulia, na nilikuwa nimejiandaa kulia. Jambo la pili. Hukusema kama Nyamizi humpikia mumewe au aliacha. Mtu anayengoja hupika sehemu ya yule asiyekuwepo, au siku moja huacha kuipika, na siku hiyo anaikumbuka kuliko siku ya harusi. Mimi niliacha siku ya Jumapili. Ulipaswa kusema. Katika Sehemu ya Pili nataka nijue ni yeye aliyeshuka au si yeye. Viateur anataka asirudi, nami nataka arudi, lakini ukweli wangu ni kwamba nitapokea lolote unalolijua wewe, mradi usiharakishe. Usiogope kutuchosha. Tulishachoka, na tunasoma hivyo hivyo. Nakusalimu wewe na nyumba yako."

Nilimwambia hajamtukana. Alikunja karatasi akaiweka pamoja na nyingine, juu kabisa, kisha akabadili mawazo akaichomeka katikati.

"Wasije wakasema ni shangazi tena," alisema.

Sebabili aliondoka na bahasha hiyo wiki ile ile. Aliapa kwamba safari hii hatafikisha salamu yoyote, atampa Mwalimu bahasha na kukaa kimya. Mwalimu atakwenda nayo Mwanza siku ya kikao, na jibu lolote litakalotolewa, Sebabili atalileta Kigali kabla ya Noeli, kwa mdomo wake au kwa karatasi.

Sasa ni mwezi wa kumi na mbili, Majilio, yale majuma ya kungoja Noeli, yanakaribia kwisha, na Sebabili hajaonekana. Malori mengi yamezuiliwa mpakani Rusumo. Wengine wanasema ni ukaguzi, wengine wanasema ni foleni, kwa kuwa mizigo yote ya nchi sasa hupitia mlango huo mmoja. Scovia huenda Gikondo kila anapopata nafasi akarudi na matope na habari zisizolingana. Mama Ingrid humkaripia kwa kupoteza muda, kisha humuuliza maswali yale yale mara mbili.

Naye amefanya jambo ambalo hakulitangaza. Kitabu cha kwanza kilikuwa kimechakaa, kwa hiyo alikishonea jalada la kitenge lenye mfuko kila upande wa kuingiza ncha za karatasi. Juzi niliona jalada la pili, kitenge kile kile, kipimo kile kile, limetundikwa msumarini juu ya mashine. Halina kitu ndani. Nilimuuliza ni la nini.

"Kipande kilibaki," alisema. "Ningekitupa?"

"Atasema kilibaki," Viateur alidakia kutoka ukutani, "na mimi nilimwona Jumanne akinunua uzi yake mpya!"

"Viateur, mwaka huu Noeli utakula kwako."

"Nitakula kwangu, mama. Kama mume amerudi kitabuni, sina hamu ya kula."

Leo nimepita kibandani mchana. Scovia alikuwa akisoma ile Sehemu ya Kwanza tena, ukurasa wa kifo cha mama. Mama Ingrid alikuwa akishona sare ya shule, na mguu wake ulikanyaga bila kusita tangu mwanzo wa ukurasa hadi mwisho.

"Umeona?" aliniambia. "Mguu haukusimama. Nilimwambia Mwalimu kweli tupu."

Wakati huo ndipo mpagazi mmoja wa Gikondo aliingiza kichwa mlangoni, maji ya mvua yakimchuruzika masikioni. Alisema malori ya Rusumo yameachiliwa tangu jana, na kwamba la Sebabili, lile lenye turubai lenye kiraka cha bluu, limeonekana likipanda kutoka Kayonza asubuhi. Likipita vizuizi vya barabarani salama litafika kabla ya jioni. Alipoulizwa kama dereva ana karatasi au hana, alisema yeye ameona lori tu, mambo ya karatasi hajui.

Scovia alifunga kitabu. Upande wa pili nyundo ikanyamaza. Mama Ingrid alisema kwamba hakuna sababu ya watu kuacha kazi, lori ni lori, na sare inatakiwa kesho. Alimwambia Scovia afute kigoda cha wateja kwa kuwa Sebabili ana tabia ya kuketi bila kutazama. Kisha akavaa miwani, akashika kitambaa, akaweka mguu juu ya kanyagio. Nimemwacha hivyo nikaja kuandika haya kwenye kibaraza cha jirani, mahali ninapoweza kuona barabara. Sijasikia mashine tangu nilipoketi.